Saratani ya Taya na Elimu Iliyoanzia Kwetu

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humwumbua. Neno hili ni la kweli kwa kila ugonjwa, lakini ni la kweli zaidi kwa ugonjwa mmoja unaowashika watoto wadogo wa nchi zetu za joto. Aghalabu ugonjwa huo huanza kwa jambo dogo ambalo mzazi yeyote aweza kulidharau: jino linalolegea kabla ya wakati wake. Mama hudhani ni jino tu. Baba hudhani mtoto aliangukia shavu katika michezo. Jirani, ambaye ni mwepesi wa ulimi, hunong'ona kwamba hapa pana mkono wa mtu. Na wakati wakubwa wanapojadiliana, uvimbe haungoji. Chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili, hata uso uliokuwa sawa mwezi ulipoandama huwa umeharibika kabla mwezi mwingine haujaonekana.

Ugonjwa huo ni saratani. Wataalamu wa dunia nzima huuita kwa jina la Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda. Ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Na wakati huohuo ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri kuliko zote, mradi mgonjwa afikishwe hospitali mapema na apewe dawa zote anazopaswa kupewa.

Leo twataka kueleza jinsi chanzo chake kilivyotafutwa, tangu wodi ya hospitali mjini Kampala hadi ndani ya chembe ya mwili isiyoonekana kwa macho. Hatuelezi hayo ili kuwapa wasomaji hadithi ya kupitishia jioni. Twaeleza kwa sababu wako watu miongoni mwetu wanaosema kwamba utafiti wa maabara ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba sisi wenye shida ya maji na barabara hatuna haja nao. Historia ya ugonjwa huu yaonyesha kwamba wasemao hivyo wamekosea, tena wamekosea sana.

MTOTO WA MULAGO

Daktari Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja katika ajali, akabaki na moja. Alifika Uganda mwaka 1946 akiwa mpasuaji wa serikali, na baadaye akahamishiwa hospitali ya Mulago. Hakuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kisu, uzi na wagonjwa wasiokwisha.

Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto mmoja wa kiume ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo la namna hiyo. Kama ni usaha wa jino, vipi utokee pahali panne kwa mara moja? Kama ni saratani ya kawaida, vipi iruke kutoka upande huu hadi upande ule? Haukupita muda mrefu akaenda kwenye hospitali ya Jinja, na huko akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Safari hii alimpima mwili mzima, akakuta mavimbe mengine tumboni.

Aliporudi Mulago alifukua majalada ya wagonjwa wa zamani. Ndipo alipotambua kwamba watoto waliokuwa wameandikwa kuwa na uvimbe wa taya, wengine uvimbe wa figo, wengine uvimbe wa mayai ya uzazi, walikuwa wakiugua kitu kimoja. Mwaka 1958 aliandika habari hiyo katika jarida la wapasuaji wa Uingereza. Wataalamu wa maabara ya Mulago nao, wakipima vipande vya nyama chini ya darubini, walionyesha kwamba saratani hii haikutoka katika mfupa wala katika jino. Ilitoka katika chembe nyeupe za damu, yaani askari wale wale wanaoulinda mwili dhidi ya maradhi.

Tufahamu vizuri jambo hili. Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Daktari Albert Cook, aliyefika Uganda tangu mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, alikwisha kuandika habari za mavimbe ya taya. Wazazi walikuwa wakiwazika watoto wao miaka nenda miaka rudi. Lililokuwa jipya ni kwamba mtu mmoja alikataa kuyatazama mavimbe hayo moja moja, akayatazama kwa jumla.

SWALI LA "WAPI?"

Baada ya kujua ugonjwa ni nini, Burkitt aliuliza swali ambalo hata mtoto wa shule aweza kuliuliza: unapatikana wapi? Alipewa paundi 25 tu za kuanzia. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: Je, mmepata kuona watoto wa namna hii? Kila jibu liliporudi alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru wake, Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kwa majuma kumi. Walikwenda maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara letu na kurudi, wakipita hospitali kwa hospitali. Kila walipofika walionyesha picha zao na kuuliza swali lilelile.

Majibu yalipowekwa pamoja yalionyesha ukanda uliovuka katikati ya Afrika. Ndani ya ukanda huo ugonjwa ulikuwa wa kawaida. Nje yake ulikuwa nadra. Hapa Afrika Mashariki, nyanda za juu zaidi ya futi 5,000 hazikuwa nao. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Mwanzoni jambo hilo liliwatatiza. Kisha wakafahamu kwamba mlima wenyewe haukuwa sababu. Sababu ilikuwa baridi, kwa maana kusini baridi hushuka mpaka nchi za chini. Ugonjwa ulikaa mahali penye joto na mvua ya kutosha, ukakimbia mahali pa baridi na mahali pakavu.

Sasa, ni kitu gani kinachopenda joto na mvua? Kila mwananchi aliyelala bila chandarua alijua jibu: mbu. Ikadhaniwa kwamba labda kuna kijidudu kinachochukuliwa na mbu kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Dhana hiyo haikuwa sahihi yote, wala haikuwa ya uongo yote, kama tutakavyoona.

CHUPA ZILIZOSAFIRI

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza kirusi kinacholeta saratani katika kuku. Zamani zile wataalamu wengi walicheka waliposikia kwamba kirusi chaweza kuleta saratani katika binadamu. Epstein hakucheka. Aliposikia kwamba upo ugonjwa unaofuata joto na mvua, alitambua mara moja kwamba huenda una kirusi ndani yake.

Wakapatana. Vipande vya uvimbe kutoka kwa watoto wa Uganda vikawa vinatiwa katika chupa na kupelekwa London kwa ndege. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili kazi hiyo haikuzaa kitu. Epstein alitazama vipande vile kwa darubini ya elektroni, ambayo hukuza kitu mara maelfu mengi, asione kirusi hata kimoja. Wengine wangekata tamaa.

Mwezi wa Desemba mwaka 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilizuiwa na ukungu, ikalazimika kutua Manchester badala ya London. Chupa ilipofika maabara saa zilikuwa zimekwisha kwenda, na maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya kunde. Ilionekana imeoza. Epstein alichukua tone moja akalitazama kabla ya kuitupa. Kumbe haikuwa uozo! Zilikuwa chembe za uvimbe zenyewe, zimetikisika njiani zikaachana na kipande, nazo zilikuwa hai zikielea. Akazikuza katika maabara, jambo ambalo mpaka wakati ule halikuwezekana kwa chembe za aina hiyo. Mwezi Februari mwaka 1964 alipozitazama kwa darubini ya elektroni, alikiona kirusi.

Habari hiyo ilitangazwa mwezi Machi mwaka 1964 na watu watatu: Epstein mwenyewe, Bert Achong, aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr. Kirusi hicho huitwa Epstein-Barr mpaka leo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Wanafunzi wa udaktari duniani kote hujifunza majina hayo. Lakini ni vema tukumbuke kwamba chupa zile zilijazwa Kampala. Kwamba wapo wauguzi waliowashika watoto wale mikono, wapo watumishi wa maabara waliofunga chupa zile, na wapo wazazi waliokubali. Majina yao hayakuandikwa katika jarida lolote.

KIRUSI PEKE YAKE HAKITOSHI

Hapo mtu angedhani kazi imekwisha. La, hasha! Ndipo ilipoanza kuwa ngumu. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti mume na mke, Werner na Gertrude Henle, walipima damu za watu wengi wakakuta kwamba kirusi hiki kimeenea duniani kote. Leo yajulikana kwamba zaidi ya watu tisa katika kila kumi walio wazima wamekwisha kuambukizwa. Huenezwa kwa mate. Katika nchi zetu watoto wengi hukipata wakiwa wachanga, wasiugue hata kidogo. Basi kama sisi sote tunacho, kwa nini mtoto mmoja apate saratani na maelfu wasipate?

Ili kujua, ilibidi kurudi kwetu. Kati ya miaka 1972 na 1974, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, watoto 42,000 hivi walitolewa damu wakiwa wazima, kisha wakafuatwa kwa miaka kadhaa. Wachache waliokuja kupata saratani walionekana kwamba walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi hicho tangu zamani, kabla uvimbe haujatokea. Kwa hiyo kirusi kilitangulia, na uvimbe ukafuata.

Ndipo wataalamu walipomrudia mbu, safari hii kwa sababu nyingine. Mbu hachukui kirusi cha Epstein-Barr, lakini huchukua malaria. Hapa Tanzania, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto wadogo walipewa dawa ya klorokwini kwa utaratibu maalumu tangu mwaka 1977 hadi 1982, ili ionekane kama malaria ikipungua saratani nayo itapungua. Saratani ilipungua kweli, na miaka michache baada ya mradi kwisha ikapanda tena. Lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba kupungua huko kulikuwa kumekwisha kuanza kabla ya dawa kutolewa, kwa hiyo hawakudai zaidi ya walichokiona. Huo ndio uaminifu wa sayansi, nao wafaa kuigwa na wengi wetu tunaopenda kutangaza ushindi kabla ya kuhesabu. Ushahidi uliendelea kukusanywa kutoka pande nyingine, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka malaria kali ya sehemu zetu katika orodha ya mambo ambayo yaelekea husababisha saratani hii.

MSTARI ULIOHAMISHWA

Sasa tuingie ndani ya chembe yenyewe. Kila chembe ya mwili wa binadamu ina kitabu chake cha maagizo, kilichoandikwa katika nyuzi nyembamba mno za DNA. Nyuzi hizo zimefungwa katika vijiti 46 viitwavyo kromosomu, navyo huenda viwili viwili. Kila agizo katika kitabu hicho huitwa jeni. Mwaka 1972 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Sweden waliona kwamba katika chembe za saratani hii, kromosomu ya 14 ina kipande kilichozidi. Mwaka 1976 ikajulikana kipande hicho kimetoka wapi: kilikatika kutoka kromosomu ya 8. Na mwaka 1982 watafiti wa Marekani wakakisoma kipande hicho, wakakuta kina jeni iitwayo MYC.

Sisi tunaofanya kazi ya magazeti twalifahamu vizuri kosa la namna hii. Mpangaji herufi aweza kupanga kila neno sawasawa bila kukosea hata nukta, lakini mstari wa ukurasa wa 8 ukaangukia ukurasa wa 14, na habari yote ikaharibika. Jeni ya MYC ni agizo la halali kabisa. Huiambia chembe: Kua, gawanyika. Kila mtu anayo, na bila hiyo mtoto asingekua wala kidonda kisingepona. Lakini agizo hilo lapaswa kusomwa kwa wakati wake na kisha kunyamazishwa. Katika kromosomu ya 14, kwenye chembe hizi nyeupe, ndipo yalipo maagizo ya kutengeneza kingamwili, nayo husomwa mfululizo kwa kuwa ndiyo kazi ya chembe hizo. Basi MYC ikiangukia hapo husomwa mfululizo nayo. Ni kama vile tangazo la kiwandani lisemalo "Washeni mitambo", lililokusudiwa kusomwa mara moja asubuhi, limebandikwa mahali ambapo msomaji hulisoma kila dakika, usiku na mchana. Mitambo haizimiki. Chembe moja huzaa mbili, mbili nne, nne nane, na huo ndio uvimbe.

Na nani aliyeuhamisha mstari? Hapa ndipo malaria na kirusi wanapokutana. Malaria inapomshika mtoto mara kwa mara, huzilazimisha chembe zake nyeupe kuongezeka na kutengeneza kingamwili bila kupumzika. Katika kazi hiyo chembe hutumia kimeng'enya kimoja ambacho hukata na kurekebisha DNA katika sehemu ya kingamwili, ili silaha iwe kali zaidi. Ni fundi mzuri, lakini akifanya kazi mchana na usiku hukosea, akakata mahali pasipohusika, na kipande kikaungwa pasipo pake. Kwa kawaida chembe iliyoharibika hivyo hujiua yenyewe, na mwili ukasalimika. Lakini kirusi cha Epstein-Barr, kikiwa kimejificha ndani yake, huisaidia isife. Malaria huzidisha nafasi ya kosa kutokea, na kirusi humlinda mkosaji. Ndiyo maana chanzo hakikuonekana kwa kutafuta kitu kimoja tu.

MATUNDA YA KAZI

Msomaji aweza kuuliza: Haya yote yametufaa nini? Yametufaa mengi.

Kwanza, dawa. Katika siku za Burkitt Uganda haikuwa na mashine za mionzi za kutibu saratani, na kisu hakikufaa kwa uvimbe uliotapakaa. Kwa hiyo madaktari wa Kampala na Nairobi walijaribu dawa zilizokuwa mpya wakati ule. Wakaona ajabu: uvimbe uliokuwa ukubwa wa chungwa uliyeyuka kwa muda wa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona wasiugue tena. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo duniani kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huu, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Pili, njia ya kufikiri. Mtafiti mmoja Mjerumani, Harald zur Hausen, alifanya kazi na akina Henle huko Philadelphia, na mwaka 1970 alionyesha kwamba DNA ya kirusi cha Epstein-Barr imo ndani ya chembe za saratani ya Burkitt. Kutoka hapo aliingia katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwaua mama zetu na dada zetu kwa wingi, akathibitisha katika miaka ya 1980 kwamba nayo huletwa na kirusi kingine. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo dhidi ya kirusi hicho iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwapa wasichana wake nchi nzima. Msichana anayechanjwa leo shuleni Tabora au Lindi anapokea faida ya njia ambayo sehemu yake ilipita katika wodi za Kampala.

Tatu, tumaini la dawa zinazolenga kosa lenyewe. Iko saratani nyingine ya damu, ya watu wazima, ambayo nayo hutokana na vipande viwili vilivyobadilishana mahali, kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Alama yake iligunduliwa Philadelphia mwaka 1960, maana yake ikafahamika mwaka 1973 kwa kazi ya Janet Rowley wa Chicago, na mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho imatinibu ambacho huzuia kazi ya jeni hiyo mbovu. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa ambao wengi huishi nao miaka mingi. Ilichukua miaka 41 kutoka alama hadi kidonge. Sayansi haiharakishwi kwa kelele, lakini hulipa wanaovumilia.

DENI

Sasa yatupasa kusema jambo lisilopendeza. Katika nchi tajiri, ambako ugonjwa wa Burkitt ni nadra, watoto tisa hivi katika kila kumi wanaoupata hupona. Katika nchi zetu, ambako ndiko ulikotambuliwa na ambako ndiko unakoshambulia zaidi, wanaopona ni wachache kuliko hao kwa mbali. Kirusi ni kilekile, na jeni ni ileile. Dawa nyingi zinazotumika zimejulikana kwa miaka mingi, si siri ya mtu. Tofauti ni nini basi?

Tofauti ni kwamba mtoto hufikishwa hospitali akiwa amechelewa. Ni kwamba kipande cha uvimbe hukaa muda mrefu kabla ya kusomwa, kwa sababu wasomaji ni wachache. Ni kwamba mzazi, akiisha kuona uvimbe umeyeyuka baada ya dawa ya kwanza, humrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa nauli imekwisha na shamba limeota majani, kumbe chembe chache zimebaki nazo zitarudi na nguvu mpya. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ugunduzi wa ajabu. Yote yahitaji barabara, nauli, mafundi wa maabara, dawa za kutosha ghalani, na mtu wa kumweleza mzazi kwa lugha anayoifahamu.

Kwa hiyo twasema kwamba liko deni. Watoto wetu walitoa damu yao na vipande vya miili yao, na dunia nzima ikapata elimu. Elimu hiyo yapaswa kurudi mahali ilipotoka, nayo hairudi yenyewe kama ng'ombe arudivyo zizini jioni. Sharti ifuatwe. Hufuatwa kwa kuwasomesha vijana wetu sayansi mpaka wawe watafiti katika maabara zetu wenyewe. Hufuatwa kwa bajeti zinazokumbuka maabara na si majengo tu. Na hufuatwa kwa kudai kwamba utafiti wowote unaofanywa juu ya wananchi uwaachie wananchi kitu.

Kwa mfanyakazi na mkulima iko sehemu yake vilevile, nayo ni nyepesi kuliko ya serikali. Chandarua anachotandikiwa mtoto usiku humkinga na homa, na kwa kupunguza malaria kinapunguza nafasi ya lile kosa tulilolieleza. Mtoto anayetakiwa kupelekwa kliniki apelekwe. Na yule jirani mwenye kunong'ona habari za uchawi ajibiwe kwa upole lakini kwa uthabiti: mkono wa mtu haumo. Kilichomo ni kipande kilichokatika katika kromosomu ya 8 kikaungwa katika ya 14, na dawa yake iko hospitali.

Sisi tuliopata kusoma tuna wajibu wa kulieleza jambo hili katika mikutano, katika viwanda, misikitini, makanisani na mabarazani, mpaka pasiwe na mzazi asiyelijua. Mtoto mdogo akivimba taya au tumbo, au jino lake likilegea kabla ya wakati wake bila sababu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akianza matibabu, asiachishwe mpaka daktari aseme basi. Kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, juma moja la kusitasita si juma dogo.